Kabla hujatia saini mkataba wa nyumba, Unguja au Pemba

Dalali anakupigia simu saa kumi na moja jioni: nyumba imepatikana Fuoni, vyumba viwili na ukumbi, choo cha ndani, na kuna mtu mwengine kesho asubuhi anakuja na pesa. Wewe umeshachoka kutafuta, skuli zinakaribia kufunguliwa, pesa ya kodi iko mkobani. Hapo ndipo wengi tunapoumia.

Mwaka niliohamia Unguja kutoka Wete nililipa kodi ya miezi sita kwa kaka mmoja mkarimu sana. Aliniita dada, akanikaribisha chai barazani kwake, na mimi nikaona muhali, yaani haya, kumuuliza nyumba ni ya nani. Mwezi wa tatu akaja dada yake na ndugu zake wawili. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yao, haijagawiwa, na hakuna kati yao aliyeridhia ikodishwe. Yule kaka pesa alishazitumia. Nilihama kwa kirikuu, magodoro yakilowa kwa mvua, na nikalala kwa shangazi yangu zaidi ya wiki mbili.

Muhali ni jambo zuri tunapoishi na watu, lakini kwenye mkataba wa nyumba ni hasara. Na anayeona kuandikiana ni kutoaminiana namkumbusha Suratul Baqara, aya ya 282, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani: mkikopeshana kwa muda maalumu andikeni, na wekeni mashahidi. Kodi ya miezi sita uliyoitoa leo inafanana sana na deni. Mwenzako ameshapokea chote, wewe unapokea kidogo kidogo mpaka mwezi wa sita. Mwenye nyumba akikuuliza "kwani huniamini?", mjibu kwa adabu kwamba kuandikiana tumeamrishwa. Sijaona mtu aliyekasirika kwa jibu hilo.

Haya yafuatayo nimeyapanga kwa hatua, kama ninavyozifuata mwenyewe tangu siku ile.

Hatua ya kwanza: jua nyumba ni ya nani

Hii ndiyo hatua nzito, na ndiyo inayorukwa. Watu wanauliza maji, umeme na kodi, lakini hawaulizi mwenyewe. Uliza mapema, hata kabla hujapelekwa kuiona: "Nyumba ni yako mwenyewe, ya mirathi, ya wakf, au unaisimamia kwa niaba ya mtu?" Kila jibu lina kazi yake.

Ikiwa ni yake mwenyewe, omba kuona karatasi. Si kila mtu ana hati kamili; mitaa mingi ya Ng'ambo na pembezoni mwa mji utakuta karatasi ya mauziano iliyoandikwa mbele ya sheha, kiongozi wa Serikali wa mtaa. Hiyo nayo inakusaidia, ilimradi jina lililomo lifanane na jina la kitambulisho cha anayekukodisha. Tazama kitambulisho chenyewe kwa macho yako. Jina la utani la mtaani halitoshi kwenye mkataba.

Ikiwa ni ya mirathi, simama hapo kwanza. Nyumba ya marehemu ambayo haijagawiwa ni ya warithi wote, kila mmoja na fungu lake, mkubwa na mdogo, mwanamume na mwanamke, aliyepo mjini na aliye Muskat. Mmoja wao hana uwezo wa kukupa nyumba nzima peke yake, hata kama ndiye mkubwa na ndiye anayeshika ufunguo. Unachotaka ni kimoja kati ya viwili: ama warithi wote watie saini, ama waandike karatasi ya kumteua mmoja wao awakodishie na apokee kodi, na karatasi hiyo iambatanishwe na mkataba wako. Wakikwambia "sisi ndugu hatuna matatizo", waambie basi kutia saini hakutakuwa na tabu. Kama ndugu wana ugomvi, usiingie katikati yao kwa pesa zako. Nyumba nyengine utapata.

Ikiwa ni ya wakf, na katika Mji Mkongwe ziko nyingi, fahamu kwamba nyumba ya wakf haiuzwi wala hairithiwi. Nyingi zinasimamiwa na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, na anayekukodisha huenda naye ni mpangaji kama wewe. Muulize kama anao mkataba wake na kama unamruhusu kumpangisha mtu mwengine. Kama hauruhusu, siku Kamisheni watakapokuja kukagua, atakayetolewa ni wewe uliye ndani. Nyumba za Serikali na fleti zilizo chini ya Shirika la Nyumba Zanzibar ni hivyo hivyo: muulize aliyepewa nyumba karatasi yake, na ukiwa na shaka nenda ofisini kwao ukaulize. Ukiombwa pesa ya kilemba ili aliyemo akuachie, juwa kwamba kilemba hakikufanyi mpangaji wa Shirika wala wa Kamisheni.

Ikiwa mwenyewe yuko nje, Oman au Uingereza, na nyumba inaangaliwa na ami au mpwa wake, omba uzungumze na mwenyewe kwa simu ya video huku msimamizi amekaa pembeni. Kisha omba barua au uwakala ulioandikwa. Msimamizi mwema hufurahi, kwa sababu karatasi hiyo inamlinda na yeye.

Baadaye, mwenyewe bila ya dalali, nenda kwa sheha wa shehia ile. Msalimie, jitambulishe, mwambie unataka kuhamia nyumba fulani. Masheha wanajua mambo ya mtaa: nyumba ipi ina kesi, ipi imewekwa rehani, ipi mpangaji wa mwisho aliondoka kwa kelele. Kwa vyovyote utahitaji kujulikana kwake, kwa sababu barua ya sheha utaihitaji kwa mambo mengi. Afadhali akujue kabla hujalipa.

Hatua ya pili: iangalie nyumba mara mbili

Mara ya kwanza nenda mchana, mara ya pili nenda usiku baada ya isha. Mchana unaona kuta; usiku unaona maisha.

Mchana, tazama rangi. Rangi mpya iliyopakwa chini tu, kutoka sakafuni mpaka usawa wa goti, huwa inaficha kitu. Pitisha kiganja ukutani: ukiona unga mweupe, au plasta inamomonyoka kama biskuti, ukuta umekula chumvi au unanyonya maji kutoka chini. Ukiona mstari wa rangi ya kahawia nje ya nyumba, au nyuma ya mlango ambako fundi rangi hakufika, hapo maji yamesimama masika iliyopita. Masika yetu ni Machi mpaka Mei, na sehemu za bondeni kama Mwanakwerekwe zinajulikana kwa kujaa maji. Waulize majirani, hasa wanawake wenye kukaa barazani jioni: "Mvua kubwa ikinyesha maji yanafika wapi?" Watakuonyesha kwa mkono mguuni mwao.

Kwa nyumba za Mji Mkongwe inua macho. Sakafu za juu zimekaa juu ya boriti, na boriti zikiliwa na mchwa au zikipata maji ya choo cha ghorofa ya juu, ghorofa inashuka. Beit el Ajaib, jengo kongwe la Forodhani tulilolijua sote, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Kwa hivyo usione haya kuuliza lini mara ya mwisho boriti zilitazamwa. Na kama una nia ya kubadilisha dirisha, kutoboa ukuta au kuweka kiyoyozi, huko ruhusa ya mwenye nyumba peke yake haitoshi. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe nayo ina neno.

Usiku, fungua bomba. Mitaa mingi maji ya ZAWA, Mamlaka ya Maji Zanzibar, yanatoka kwa saa chache, na mara nyingi ni usiku. Uliza yanatoka siku gani, kama kuna tangi na la lita ngapi, pampu ni ya nani na umeme wake unalipwa na nani. Kama wanatumia kisima, onja maji. Maji ya chumvi hayatoi povu la sabuni, na utanunua ya kunywa na ya kupikia kila siku. Uliza pia karo (shimo la maji ya choo) liko wapi na mara ya mwisho lilinyonywa lini. Nyumba tatu zikishirikiana karo moja, ugomvi wa gari la kunyonya hautakosa.

Umeme: tazama mita ya TUKUZA, ile ya kununua umeme kabla ya kuutumia. Je, ni ya kwako peke yako au mnashirikiana? Kama ni ya kwako, nunua umeme kidogo mbele ya mwenye nyumba, wa shilingi 5,000 tu, uone uniti ngapi zimeingia. Zikiwa chache kuliko wanazopata majirani kwa pesa hiyo hiyo, muulize kama kuna deni la nyuma linalokatwa. Kama mita ni ya pamoja, andikeni kwenye mkataba mtagawanaje. Mwenye friji na feni moja asilipe sawa na mwenye kuuza barafu na juisi. Wengine huweka mita ndogo kwa kila chumba, na hiyo ndiyo dawa yake.

Hatua ya tatu: hesabu pesa zote, si kodi peke yake

Nyumba ya shilingi 250,000 kwa mwezi, mwenye nyumba akitaka miezi sita mbele, ni 1,500,000. Dalali mara nyingi anataka kodi ya mwezi mmoja: 250,000. Dhamana ya uharibifu, kama ipo, mwezi mmoja mwengine: 250,000. Umeshafika 2,000,000 kabla hujalipa gari, hujanunua kitasa kipya, wala hujatia umeme. Andika hesabu hii kwenye karatasi ndipo ujibu simu ya dalali.

Dalali mlipe baada ya mkataba kutiwa saini na ufunguo kuwa mkononi mwako. Pesa ya "kuizuia nyumba" wanayoomba mapema usiitoe, na ukilazimika kuitoa, iandikiwe risiti inayosema itakatwa kwenye kodi, na itarejeshwa nyumba ikikosekana.

Na bei iwe ya shilingi. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zimekataza bei kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni katika miamala ya ndani ya nchi, kwa hivyo anayetaka dola kwa nyumba ya Mbweni au Kiembesamaki mkumbushe kwa upole. Kinachokuumiza katika dola ni kwamba kodi inapanda kila sarafu ikipanda, na wewe mshahara wako ni wa shilingi.

Hatua ya nne: soma mkataba neno kwa neno

Mikataba mingi huku ni ya ukurasa mmoja, imenakiliwa kutoka kwa mwengine, na mara nyengine jina la mpangaji wa zamani bado limo. Usitie saini papo hapo. Ichukue ukalale nayo usiku mmoja. Kama imeandikwa kwa Kiingereza na hukisomi vizuri, omba ya Kiswahili. Mkataba ni wenu nyote wawili.

Majina kamili na namba za vitambulisho, nyumba iko wapi na inajumuisha nini (ua? banda la uani? sehemu ya kuegesha gari?), tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kodi na inalipwa lini: haya hayana mjadala, yawemo tu. Mjadala uko katika mambo manne.

Kuondoshwa kabla ya muda. Hili kwetu lina uchungu wake, hasa pwani ya mashariki na kaskazini. Mfanyakazi wa hoteli anakodi chumba Paje au Jambiani wakati wa masika, wageni ni wachache. Ikifika Julai mwenye nyumba anagundua kwamba chumba kile kile mgeni atakilipia kwa siku. Hapo zinaanza sababu: mtoto anarudi, kuna ukarabati. Kwa hivyo andikeni hivi, au kwa maneno yanayofanana:

"Mwenye nyumba hatamtoa mpangaji kabla ya muda wa mkataba huu kumalizika, isipokuwa mpangaji amevunja sharti lililoandikwa humu na hakulirekebisha ndani ya siku thalathini baada ya kupewa barua. Akimtoa kwa sababu nyengine yoyote, atamrejeshea kodi yote ya miezi iliyobaki pamoja na dhamana, siku ya kukabidhi ufunguo."

Ongezeni pia kwamba nyumba ikiuzwa, au mwenyewe akifariki, mkataba utaendelea mpaka muda wake uishe. Kutaja kifo si uchuro. Ndiyo mlango waliopitia wale warithi walionitoa mimi.

Kupanda kwa kodi. Kodi isipande ndani ya muda uliolipiwa. Mkitaka kuendelea, mwenye nyumba atoe taarifa ya kodi mpya si chini ya miezi miwili kabla, kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha kama mmekubaliana hivyo kwenye mkataba.

Matengenezo. Desturi nzuri ni kwamba paa, kuta, boriti, karo na waya za umeme za ndani ya ukuta ni juu ya mwenye nyumba. Taa, bomba lililolegea na kitasa ulichokivunja ni juu yako. Tatizo ni pale paa linapovuja na yeye hapokei simu. Andikeni muda: asipotengeneza ndani ya siku kumi na nne, unaweza kutengeneza mwenyewe, uweke risiti, na pesa ikatwe kwenye kodi inayofuata. Bila ya sentensi hiyo, bati ulilonunua linageuka zawadi.

Dhamana. Itarudi lini, na itakatwa kwa nini? Andikeni siku saba baada ya kuhama. Rangi iliyochujuka kwa jua si uharibifu wa mpangaji. Mlango uliopasuliwa ni uharibifu. Mwenye nyumba na mpangaji wakiandika mifano miwili mitatu ya namna hii, wanapunguza ugomvi mwingi.

Kuna masharti mengine utayakuta: wageni wasilale, mambo ya ndoa, mavazi, mziki, ufugaji wa kuku. Mengine yana hekima na ni ya heshima ya mtaa. Lakini sharti linalosema mwenye nyumba anaweza kuingia wakati wowote likatae. Ndani kuna wanawake na watoto, na hata mwenye nyumba hupiga hodi. Aandike atatoa taarifa ya siku moja, isipokuwa kwa dharura kama moto au bomba kupasuka.

Hatua ya tano: makabidhiano kabla ya ufunguo

Tembeeni pamoja chumba kwa chumba, simu mkononi. Piga picha kila ufa, kila kigae kilichovunjika, dari iliyolowa, dirisha lisilofunga, kisha mtumie mwenye nyumba picha hizo siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki. Andikeni orodha: feni mbili, taa saba, kitasa cha mlango wa nyuma kimelegea, tangi la lita 1,000 halina mfuniko. Andikeni uniti zilizomo kwenye mita. Hesabu funguo, na uliza nani mwengine ana nakala. Mpangaji aliyetoka anaweza kuwa nayo bado, kwa hivyo badilisha kitasa cha mlango mkubwa siku unayohamia, hata kama ni kwa pesa yako.

Hatua ya sita: kutia saini na kulipa

Mkataba uwe nakala mbili au tatu, zote zimetiwa saini kwa wino, na kila ukurasa mtie saini fupi chini ili ukurasa usibadilishwe. Kila upande ulete shahidi wake mmoja, mtu mzima anayejua alichokishuhudia. Wengi wanapeleka kwa sheha akashuhudia na kupiga muhuri. Wengine kwa wakili. Kwa kodi kubwa ya mwaka mzima, ada ya wakili ni kidogo kuliko hasara utakayoikwepa.

Pesa ilipe kwa benki au kwa simu, kwa jina lile lile lililoko kwenye mkataba. Akikwambia "mtumie mke wangu", iandikwe kwenye mkataba kwamba malipo yatapitia namba hiyo. Ukilazimika kulipa taslimu, hesabu mbele ya mashahidi na upate risiti yenye tarehe, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na miezi inayolipiwa: "kodi ya Machi mpaka Agosti". Risiti isiyotaja miezi ndiyo inayozua "lakini Agosti hukulipa".

Na mambo yakiharibika

Anza kwa mazungumzo, kisha kwa sheha, ukiwa na mkataba, risiti na picha. Mengi yanaishia hapo. Yasipoisha, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Unguja na Chake Chake na kinasaidia watu wasio na uwezo wa wakili. ZAFELA, jumuiya ya wanasheria wanawake, nayo ipo. Na kuna wasaidizi wa sheria katika wilaya zetu. Wote hao jambo la kwanza watakalokuuliza ni karatasi. Mimi mara ile nilikwenda mikono mitupu, nikiwa na ujumbe mmoja tu wa simu unaosema "nimepata dada, ahsante", bila ya kiasi wala miezi. Sasa mkataba wangu na risiti zote ziko ndani ya mfuko wa nailoni, kwenye sanduku la vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na picha zake nimemtumia dada yangu aliyeko Wete.